Farasi Wawili wa Kumpandisha Mama Pindo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko njiani, simama pembeni kidogo, barabara haitakukimbia. Leo tunamkumbuka Fundi Taratibu. Narudia kwa wewe uliyefungulia redio sasa hivi: Fundi Taratibu, fundi wa pikipiki, mume wa Mama Pindo, ametutoka. Ametutoka mwezi uliopita, mchana kweupe, akiwa kazini kwake.

Najua mnachojiuliza. Fundi wa pikipiki anaitwaje Taratibu? Ni sawa na kinyozi kuitwa Kichaka. Mke wake alicheka nilipomuuliza. Alicheka, kisha akatafuta leso, kisha akanisimulia.

Siku hizo Taratibu alikuwa kijana mwembamba, ovaroli imemzidi mabegani. Mpimaji ardhi mmoja, mzee mwenye nyumba yake juu ya kilima, alimwita amtengenezee pikipiki. Pikipiki ya silinda moja, tangi la kijani, hata wakati huo haikuwa mpya. Ubovu wake ulikuwa waya wa klachi. Waya wa klachi, wasikilizaji, ni kazi ya kikombe kimoja cha chai. Unaanza chai ikiwa moto, unamaliza kabla haijapoa.

Kijana akaifanya kazi hiyo kwa wiki kadhaa. Leo anakuja kulegeza nati, kesho anakuja kukaza nati ile ile. Mzee akimwambia aipeleke karakanani, kijana anasema pikipiki haipendi kusafirishwa. Na kila alipokuja, binti wa nyumba alimtolea kiti na kikombe. Chai ilipoa. Nati zilikazwa. Siku zikaenda.

Mwisho mzee akatoka nje, mikono kiunoni.

“Kijana,” akasema, “mimi nimepima milima na mabonde kwa muda mfupi kuliko huu unaopimia waya mmoja. Ama umalize pikipiki, ama useme unachotaka.”

“Ninachotaka si pikipiki, mzee.”

“Hilo hata mbwa wangu analijua. Sema, taratibu, lakini sema leo.”

Akasema. Jina likamganda hapo hapo. Na binti yule mwenye vikombe vya chai ndiye Mama Pindo, fundi cherehani, aliyepewa jina hilo kwa sababu pindo la nguo akilishona yeye, nguo itachakaa na pindo litabaki.

Basi wakaoana. Wakapanga vyumba viwili vinavyotazama barabara. Kimoja karakana, kimoja cherehani. Wakapata watoto wawili, wakawalea, wakakua, wakaenda kutafuta maisha mbali. Mpimaji ardhi akafariki akiwa mzee wa kutosha. Pikipiki akamwachia binti yake. Maneno yake, Mama Pindo anayakumbuka hivi: “Chukua pikipiki yangu. Fundi unaye, tena ulimlipa chai mapema.”

Juu ya kilima akabaki mama mzazi wa Mama Pindo, pamoja na kitinda mimba wake, mwanamume anayechomelea mageti na madirisha. Huyu watu wanamwita Cheche. Cheche ni shemeji wa marehemu, na mnajua shemeji akipewa nafasi ya utani hairudishi. Kwa hiyo kama leo utacheka katikati ya msiba, mlaumu Cheche.

Kila Jumapili Fundi na mkewe walipanda kwenda kumwona mama. Mwanzoni pikipiki iliwabeba wote wawili bila neno. Baadaye ikaanza kuguna. Baadaye zaidi ikakataa kabisa. Chini ya kilima kuna kalvati, pale maji yanapopita chini ya barabara. Hapo Mama Pindo akawa anashuka. Fundi anatangulia na pikipiki, mke anafuata kwa miguu, kofia ngumu kaishika mkononi kama amebeba sufuria.

Sasa tuelewane kuhusu jambo moja, maana ndilo lililomnyima usingizi marehemu. Injini hupimwa kwa nguvu za farasi. Ile pikipiki ilipotoka kiwandani ilisemwa ina farasi kumi na mmoja. Lakini miaka inakula farasi. Ringi za pistoni zinalegea. Vali hazifungi vizuri. Masizi yanajaa. Fundi alikadiria wamebaki wanane, “na mmoja kati yao anachechemea.”

“Tunahitaji wawili tu, mama watoto,” alimwambia mkewe. “Nikiwarudisha wawili, hushuki tena kalvatini.”

“Si tuiuze, tununue yenye farasi wake kamili?”

“Pikipiki ya baba?”

“Basi nikodi ya wale vijana wa stendi.”

Fundi akaweka spana chini. “Mke wa fundi pikipiki apande pikipiki ya kukodi? Mimi uso nitauweka wapi? Ndani ya kofia?”

Mama Pindo akarudi kwenye cherehani yake. Hakutaka kumwambia kwamba magoti yalikuwa yameanza kumuuma mpaka wiki nzima. Alijua akisema, mume wake hatalala.

Cheche ndiye aliyekuja na dawa. Alifungua bomba la moshi la zamani, lile refu lenye kizuia sauti, akaliweka kando. Akachomelea bomba fupi, wazi, linalong’aa, akalifunga kwa nati.

“Shemeji,” akasema, “bomba hili, kilima kitalisikia, kitaona aibu, kitajilaza chini chenyewe.”

Na hapa, wasikilizaji wapendwa, fundi mzima, mtu wa miaka mingi kazini, akafanya kosa wanalolifanya vijana wapya. Alidhani kelele ni nguvu. Pikipiki ikinguruma sana, mtu anajiona anaruka. Akaiwasha, watu wakatoka madukani. Mtoto mmoja akalia. Mama Pindo akiwa nyuma alijifunga kanga masikioni, huku mume wake akipaza sauti, “Unaisikia? Unaisikia?”

“Nisipoisikia mimi, nani?”

Wakafika kilimani. Ikaishiwa pumzi kabla hata ya kalvati. Bomba lile lilitoa moshi haraka mno, kabureta ikabaki inatoa petroli kidogo kwa hewa nyingi, na mvuto wa chini, ule unaohitajika kilimani, ukapotea. Mama Pindo akashuka mapema kuliko siku zote. Fundi akatangulia, akiunguruma peke yake, uso umemshuka.

Lakini hayo hayakuwa mabaya ya siku ile.

Mama yao alikuwa na ukungu machoni. Na tangu alipoanguka uani na kuumia nyonga, hakuinuka bila kushikwa. Hata hivyo kila Jumapili walimkuta ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, kitambaa kimefungwa kichwani, mikono mapajani, mwenye nyumba anayesubiri wageni wake. Miaka yote walidhani Jumapili huwa anaamka hivyo.

Siku ile walimkuta kitandani, kageukia ukuta. Nywele wazi. Gauni la kulalia.

“Nani huyo?” akauliza.

“Ni mimi, mama. Mimi na baba watoto.”

Mama akavuta shuka mpaka shingoni. Kisha akasema, “Tokeni nje.”

Wakatoka. Fikiria mtu mzima na mume wake, wamekaa kizingitini kama watoto waliovunja chupa. Ndani walimsikia Cheche akivuta kiti, mama akimwelekeza: siyo hicho kitambaa, kile kingine. Walipoitwa tena, mama alikuwa kwenye kiti chake, lakini pumzi zilikuwa juu na machozi hayajakauka.

“Mmekujaje?” akauliza. “Sijaisikia pikipiki ya baba yenu. Nimesikia lori.”

Cheche akatazama viatu vyake.

Hapo ndipo walipojua. Kila Jumapili pikipiki ilipoanza kupanda, mama aliisikia kutoka mbali, tuku-tuku-tuku, sauti aliyoisubiri katika ndoa yake yote. Akamwita Cheche: niinue, nifunge kitambaa, niweke dirishani. Muda wa pikipiki kupanda kilima ndio uliokuwa muda wake wa kuwa mtu. Walipoingia, mgonjwa hayupo, yupo mama.

“Msinikute vile tena,” akasema. “Naomba. Macho sina, miguu sina. Hilo niachieni.”

Fundi Taratibu alipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Alilifungua lile bomba linalong’aa, akarudisha la zamani, akakaza nati zake moja moja.

“Nguvu tutazitafuta ndani,” akamwambia mkewe. “Sauti haiguswi.”

Kwa hiyo kazi ikawa ngumu mara mbili. Mkewe lazima apande, na mama lazima aisikie pikipiki ile ile. Nasema tena, maana ndiyo habari yenyewe ya leo: nguvu ziongezeke, sauti ibaki.

Na wakati nao haukumsubiri. Goti moja la Mama Pindo likavimba. Akaenda kwa daktari. Daktari akaliminya, akatikisa kichwa, akasema, “Mama, hili goti ukilipandisha kilima tena, huko huko litabaki.” Akamkataza kupanda kwa miguu. Mama kule juu alikuwa amekataa kuhama. Alisema nyumba ile atatoka mara moja tu, na atabebwa na watu wengi. Gari la kukodi halikufika siku hizo, barabara ilikuwa imechimbika, na pikipiki za vijana wa stendi Fundi bado hakutaka kuzisikia. Basi Fundi akawa anakwenda peke yake Jumapili. Mkwewe anamkuta dirishani, kitambaa kichwani, vizuri kabisa. Wanasalimiana. Kisha mama anaendelea kuelekeza sikio mlangoni.

“Hajaja, mama,” Fundi anasema. “Magoti.”

“Najua, mwanangu. Sikio tu ndilo halijajua.”

Fundi alirudi na maneno hayo nyumbani. Mama Pindo akayasikia akiwa kwenye cherehani. Anasema alishona mkono wa gauni juu chini siku ile, akaufumua, akaushona tena juu chini.

Basi wakaanza. Nasema wakaanza, wote wawili, kwa sababu Fundi alihitaji mzigo wa majaribio, na mzigo wenyewe ulikuwa mke wake.

“Hivi ulinioa au uliniajiri?” Mama Pindo alimuuliza.

“Nilikuoa kwanza. Ajira ni kupandishwa cheo.”

Hakuwa na mashine ya kupimia injini. Kipimo chake kilikuwa kilima. Wanapanda wote wawili mpaka pikipiki ishindwe. Ikishindwa, Mama Pindo anashuka, anainama kwa shida, anatoa chaki yake ya kukatia nguo, anachora mstari kwenye jiwe au kwenye gogo la mti ulio karibu. Wanageuza, wanashuka, Fundi anarudi kufungua injini. Watu wa pale chini walidhani wawili hao wamechanganyikiwa. Wanandoa wanapanda nusu kilima, wanachora, wanarudi!

Mstari wa kwanza ulikuwa kalvatini. Fundi akaanza na chujio la hewa. Lile la zamani lilikuwa limeziba kama pua yenye mafua. Akaweka linalopitisha hewa vizuri, ndani ya kasha lile lile ili lisilete mlio mpya. Hewa ikiongezeka, petroli nayo iongezeke. Akabadilisha jeti, kile kitobo kidogo cha shaba ndani ya kabureta, akaweka kikubwa kidogo. Wakapanda. Mstari ukasogea mpaka kwenye mkaratusi.

“Farasi nusu,” akasema Fundi.

Cheche alikuwa ameshuka kutazama. “Nusu ipi, shemeji? Ya kichwa au ya mkia? Maana hiyo ya mkia haijui njia.”

Fundi akabadilisha sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, akaweka yenye meno mengi zaidi. Mstari ukapanda tena. Mama Pindo akafurahi, akasema sasa wamepata farasi mzima. Fundi akakataa. “Hapa sijaongeza farasi hata mmoja. Nimewapanga tu wavute pamoja. Kwenye tambarare tutakwenda polepole zaidi.”

“Polepole kuliko sasa? Tutaanza kurudi nyuma?”

Ndivyo alivyokuwa, wasikilizaji. Hakujidanganya. Kilichokuwa cha meno hakukiita cha injini.

Kisha akaingia ndani ya injini. Akaweka ringi mpya. Akasaga vali zifunge sawasawa. Njia ya kuingizia hewa ndani ya injini ilikuwa na matuta ya kiwandani. Akayalainisha kwa msasa, kidogo kidogo, akipitisha kidole na kukirudisha. Mama Pindo alimkuta akiwa amefumba macho, kidole ndani ya chuma. “Unapapasa nini?” “Natafuta palipo na mkwaruzo.” “Nipe mimi, vidole vyako vimekufa kwa grisi.” Naye akapapasa kama anavyopapasa hariri, akapata tuta ambalo mume wake alilipita mara mbili.

Bomba la zamani hakulikata. Alilichoma moto ndani, masizi yakatoka, akaligonga kwa mti, akalirudisha. Sauti ile ile, pumzi zaidi.

Akakosea pia. Alipeleka kichwa cha silinda kupunguzwa unene, ili hewa na petroli vibanwe zaidi kabla ya kuwaka. Wakapunguza kuzidi. Pikipiki ikawa na nguvu kweli, lakini kilimani ikagonga, ka-ka-ka, kama mtu anayebisha mlango kwa kijiko. Ilikuwa imekaribia kona ya mwisho. Mama Pindo alikuwa ameshaanza kuona bati la nyumba ya mama yake.

Fundi akazima injini.

“Kwa nini?” mkewe akamuuliza. “Bado kidogo tu! Ingefika!”

“Ingefika ikigonga. Mama hiyo haijui.”

“Baba watoto, mama yangu ana siku ngapi? Unanirudisha chini kwa sababu ya mlio?”

Walibaki pale barabarani, mke kwenye kiti cha nyuma, mume kasimama kashika usukani. Mama Pindo aliniambia alitamani kumpiga na ile kofia. Aliniambia pia kwamba alimwona naye anatazama lile bati. Wakashuka. Hakuzungumza naye mpaka chakula cha jioni. Fundi akaweka gasketi nene kidogo chini ya kichwa cha silinda, kugonga kukaisha, na sehemu ya nguvu ikabaki.

Jumapili iliyofuata walipanda. Hakukuwa na maandalizi yoyote. Mama Pindo aliweka chaki mfukoni kama kawaida.

Walipofika kalvatini akauliza, “Nishuke?”

“Kaa.”

Wakapita mkaratusi. Injini ilikuwa inavuta chini chini, bila haraka, tuku-tuku-tuku. Wakapita jiwe lenye mistari. Kwenye kona ya mwisho pikipiki ikapunguza mwendo, ikawa karibu kusimama, Fundi akarudisha gia moja na kuinama mbele kama vile anaweza kuisukuma kwa kifua. Mama Pindo akafumba macho. Anasema aliacha kupumua ili asiwe mzito.

Alipofumbua, Cheche alikuwa amesimama getini, miwani ya kuchomelea juu ya kichwa, mdomo wazi. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

Ndani, mama alikuwa dirishani. Kitambaa kichwani, mikono mapajani. Aligeuza uso kabla hawajamsalimu.

“Leo mmekuja pamoja,” akasema.

Mama Pindo akasogea karibu na kiti.

“Siku zote nasikia pikipiki inafika, ndipo nasubiri miguu ya mwanangu. Nasubiri sana. Leo imefika, na miguu imeshuka hapo hapo mlangoni.” Akanyoosha mkono hewani. “Mkwe wangu yuko wapi?”

Mkwe wake alikuwa ametoka nje. Alisema anakwenda kukaza boliti. Cheche alichungulia, akarudi, akasema, “Shemeji anakaza boliti kwa leso.”

Walipanda pamoja Jumapili chache. Ningependa kuwaambia zilikuwa nyingi. Zilikuwa chache.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, wasikilizaji wapendwa. Kati ya karakana na chumba cha cherehani kuna ukuta wa mbao. Mama Pindo alikuwa akimsikia mumewe anagonga kitu, anaguna, anajisemea. Kisha kimya. Hakushtuka. Fundi alikuwa na mazoea ya kuangusha skrubu na kuitafuta sakafuni bila kusema. “Nikadhani anatafuta skrubu,” Mama Pindo aliniambia. “Nikamaliza pindo nililokuwa nalo. Nikakata uzi.” Kisha akaita, “Umeipata?” Akaita tena. Alipozunguka ukuta alimkuta kaketi kwenye kigoda chake, mgongo ukutani, kidevu kifuani. Madaktari walisema moyo ulisimama ghafla, na kwamba hata angekimbia, asingewahi. Mama Pindo anajua walisema hivyo. Anairudia sentensi hiyo mara nyingi, kama mtu anayejaribu viatu ambavyo havimtoshi.

Alizikwa, watu wakaja, watu wakaondoka. Watoto wakakaa siku kadhaa, wakarudi kazini kwao. Habari ilipelekwa juu ya kilima na Cheche. Anasema mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia amgeuzie kiti kielekee ukutani, na dirisha lifungwe.

Jumapili ikapita. Nyingine ikapita. Mama hakuomba kuinuliwa. Alilala na nywele wazi. Cheche akampigia dada yake simu.

“Dada, mama ameacha kujiandaa.”

“Nije na nini, mdogo wangu? Dereva sina.”

“Nikushukie nikuendeshee?”

Mama Pindo akasema hapana, tena kwa ukali uliomshangaza mwenyewe. Mpimaji ardhi alimfundisha kuendesha pikipiki ile alipokuwa msichana, kwenye uwanja mtupu nyuma ya nyumba. Alipoolewa aliacha. Mwenye fundi nyumbani akae mbele kwa sababu gani?

Jumapili ile aliitoa nje. Aliipiga kiki ikakataa, akaipiga tena kwa mguu wenye goti zima, ikawaka. Alikwenda kwa gia ya pili njia nzima, watu wanampita, waendesha baiskeli wanampita. Hakujali. Alikuwa anaogopa kilima.

Sasa sikilizeni, maana kuanzia hapa ni maneno yake mwenyewe, mimi nimeyapanga tu.

Alipofika kalvatini alikaza mikono akisubiri pikipiki iishiwe. Haikuishiwa. Alipita mkaratusi. Alingoja ikohoe. Haikukohoa. Nguvu zote zile, nusu farasi kwa nusu farasi, zilitafutwa kwa ajili ya watu wawili, na sasa kulikuwa na mtu mmoja. Pikipiki ilipanda kwa wepesi ambao hajawahi kuusikia chini yake tangu baba yake alipokuwa hai. Kwenye kona ya mwisho hakulazimika hata kurudisha gia. Hapo ndipo alipolia. Anasema kama ingesumbua kidogo, kama ingelegea mara moja tu, asingelia.

Alifika getini macho hayaoni vizuri. Dirisha lilikuwa wazi. Mama yake alikuwa kwenye kiti, kitambaa kimefungwa upande upande, maana Cheche alikuwa na haraka na mikono yake imezoea vyuma. Lakini kimefungwa.

Mama Pindo akapiga magoti kwa shida, akaweka kichwa mapajani mwa mama yake. Wajane wawili, wasikilizaji. Walikaa hivyo, Cheche akatoka nje.

Baadaye mama akauliza, “Imekusumbua kupanda?”

“Haikunisumbua, mama. Imepanda kama haikubeba mtu.”

Mama akaendelea kumpapasa mgongo, taratibu, juu na chini.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tunaokaa nyuma ya kipaza sauti hiki, tunampa pole Mama Pindo. Tunampa pole mama aliye juu ya kilima, ambaye najua anasikiliza, kwa sababu Cheche alinionya nisimkosee hata neno. Pole, mama. Pole kwa watoto walio mbali, na pole kwa Cheche, aliyebaki na utani mwingi na hana shemeji wa kumtupia. Fundi Taratibu apumzike. Kazi aliyoiacha haijalegea nati.

Kuna kijana alikwenda kuomba auziwe ile pikipiki. Amesikia ndiyo pikipiki ya zamani yenye nguvu kuliko zote mjini. Mama Pindo alimpa kiti, akampa chai, akamwambia hapana. Kijana akasisitiza: mama, wewe mwenyewe hizo nguvu zote huzihitaji. Akamjibu kwamba anajua. Kila Jumapili anajua.

Ninyi mnaosikiliza, kaeni na hilo kidogo. Muulize aliye karibu nawe ni kilima gani kinachomshinda siku hizi. Usimwambie atapanda tu. Muulize anaishia wapi.

Na ombi la mwisho, kwa wenye magari na vijana wa haraka. Jumapili mkikuta kilimani mama mmoja kwenye pikipiki ya kijani, anapanda kwa mwendo wake, msimpigie honi. Kule juu kuna mtu anafungwa kitambaa. Mpeni muda.